Mama Yangu Alikuwa Getini

Mwaka jana nilimuua mama yangu. Nilimuua saa nne asubuhi, kwa mdomo tu, ndani ya ofisi ya shule ya masista, nikiwa nimevaa koti la kuazima. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa mzima kabisa, amekaa kwenye benchi la askari getini na chapati nane kwenye mfuko. Nalisema hili mapema, ili kama unataka kuacha kusoma uache hapa. Yaliyobaki ni maelezo tu, na kwenye maelezo mimi sijambo. Ni shule ndiyo ilinishinda.

Mimi ni fundi bati Katwe, Kampala. Natengeneza masanduku ya shule, yale ambayo kila mtoto wa bweni lazima awe nayo, ya bluu na nyeusi, yenye komeo la kufuli mbele na jina la mtoto juu kwa rangi nyeupe. Shule zikikaribia kufunguliwa silali. Shule zikifunguliwa natengeneza mabeseni na kulalamika. Pale kwetu nyundo zinapiga kutoka asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo tunaongea kwa kupiga kelele, na mimi hata msibani huwa naombwa nipunguze sauti.

Nilizaliwa kwenye kambi ya polisi. Baba alikuwa polisi, Mkatoliki kutoka kaskazini. Mama ni wa zile familia za Kiislamu za hapa Kampala ambazo babu zao walikuja na biashara kutoka pwani, wakakaa, wakasahau kurudi. Pale kambini hakuna aliyeona ajabu. Ijumaa naenda na mama msikitini, Jumapili naenda na baba kanisani. Nilibatizwa, na madrasa pia nilisoma. Mtoto wa kambi ukimuuliza dini yake atakujibu kulingana na sufuria iko nyumba gani. Kiswahili ndiyo lugha tuliyotumia kugombana na kucheka, na mpaka leo nikiota naota kwa Kiswahili.

Nina binti mmoja. Mama yake yuko Uarabuni, anafanya kazi za ndani, mwaka wa sita sasa. Mtoto alilelewa na mama yangu. Mimi nilikuwa naleta sukari na kuchekesha watu. Mama ndiye aliyemwamsha alfajiri, yeye anaswali, mtoto anasoma, taa moja. Na kwa sababu mke wangu alitaka mtoto abatizwe, mama ndiye aliyekwenda sokoni kununua gauni jeupe la ubatizo, akalipiga pasi mwenyewe, akakaa benchi la nyuma kanisani na mtandio wake mpaka mwisho. Kumbuka gauni hilo, kwa sababu mimi siku ile ofisini nililisahau.

Binti akafaulu mtihani wa darasa la saba. Alifaulu mpaka mwalimu wake akapanda boda kuja kutupa mkono. Na alitaka shule moja tu, ya masista, kwenye kilima upande ule wa Lubaga. Alikuwa amewaona wasichana wake wakipita kwa mstari siku ya sikukuu, soksi nyeupe, hakuna hata mmoja anayekimbia. Akamwambia bibi yake, "Jaja, pale ndipo naenda." Jaja ndivyo tunavyomwita bibi. Mama akasema inshallah, na shauri likawa limekatwa.

Shule ile wanataka alama, na wanataka barua ya paroko kwamba wazazi ni watu wa kanisa. Alama tulikuwa nazo. Kanisani sikuwa nimeonekana tangu siku ya lile gauni. Kwa hiyo nilikuwa nimeanza mapema, miezi mitatu kabla ya matokeo. Kila Jumapili, misa ya kwanza, benchi la pili kutoka mbele, mahali paroko hawezi kukukosa. Nikiangalia kushoto na kulia naona wenzangu, baba na mama wenye watoto wa darasa la saba, tunaimba kwa nguvu nyimbo ambazo hatuzijui. Katekista alikuwa anatupitia kwa macho kama mtu anayehesabu mbuzi wa jirani. Mwisho barua ikatoka. Nadhani paroko alichoka na sauti yangu.

Siku ya kuitwa na Sista Mkuu, mzazi na mtoto, nikaenda kwa rafiki yangu kuazima koti. Huyu ni Mkenya wa Busia, kibanda chake kimegusana na changu. Mimi napiga masanduku, yeye anaandika majina ya watoto juu yake. Koti lake ni la harusi, la kijivu, na analitunza kwenye nailoni.

"Unaenda kuoa?" akaniuliza.

"Naenda kumwingiza mtoto shule."

"Na fundi bati haingizi mtoto?"

"Pale? Pale wazazi wanakuja na magari ambayo milango inajifunga yenyewe."

Akanipa koti. Akasema tu nisiegemee ukuta wenye chokaa.

Mama hakuwa amealikwa. Lakini mtoto alisema haendi bila Jaja, na Jaja alikuwa ameshakanda unga. Basi tukapanda kilima watu watatu, mama na magoti yake, kila hatua ishirini anasimama na kujifanya anaangalia maua. Alikuwa amevaa baibui lake zuri. Tulipofika getini nikaona foleni ya wazazi, rozari shingoni, hereni ndogo za dhahabu, wanaongea Kiingereza laini kama siagi. 

Nikamwambia, "Mama, kaa hapa na askari. Ndani viti ni vichache."

Aliniangalia. Akaangalia foleni. "Sawa baba," akasema, akakaa.

Kwenye foleni mzazi mmoja, mtu mnene mwenye miwani, akageuka kunisalimia. Sasa, watu wa Kampala wakikutana hawaulizi una kiasi gani, hiyo ni adabu mbaya. Wanauliza, "Ulisoma wapi?" Ukijibu, wamekujua wewe, baba yako, na unakunywa chai ya namna gani. Akaniuliza. Nikataja shule ya mabruda, ile kubwa. Akafurahi, akasema, "Ah, sisi ni ndugu!" Akataka kujua nilimaliza mwaka gani.

Sikudanganya kwamba nilisoma pale. Nilisoma, miaka miwili kasoro. Baba alipofariki walinichukua kwa huruma, mtoto wa polisi mwenye alama. Darasani nilikaa na watoto wa madaktari na mawakili. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi kwenye vizuizi vya barabarani, lugha ya toa kitambulisho, lugha ya mtu anayekuja kuchukua redio yenu. Nikijikwaa nikasema "mama yangu weee," darasa zima linainua mikono juu kama limekamatwa. Nilicheka nao. Ndipo nilipojifunza kuchekesha, kwa kweli, ukiwahi kujicheka mwenyewe wanakuacha mapema.

Halafu ikaja siku ya wazazi kutembelea watoto. Mama akaja kwa miguu kutoka barabarani, kikapu kichwani, akaniona kwa mbali akaniita kwa Kiswahili, kwa sauti ya kambi, uwanja mzima ukasikia. Mwenzangu mmoja akauliza, "Yule nani?" Nikasema, "Mfanyakazi wetu wa nyumbani." Nikakimbia, nikachukua kikapu, nikamwambia mama kuna mtihani, aende. Muhula ule ulipoisha sikurudi, katikati ya sinia ya pili, yaani kidato cha pili. Watu wote nimewaambia ni hesabu ndizo zilinifukuza. Hesabu hazikunifanya kitu. Nilishindwa tu kuendelea kuishi mahali ambapo mama yangu ni yaya.

Yule mnene bado anangoja jibu lake, jina letu likaitwa.

Ofisi ilikuwa na meza, viti vinne (vinne, hata mimi nilihesabu), na picha ya Mtakatifu Yosefu ukutani akiwa na msumeno. Sista Mkuu alikuwa mwanamke mwembamba, wa makamo, sauti ya chini. Akatutaka tusimame tuombe kwanza. Nikaanza vizuri. Paji la uso, kifua, bega, bega. Nilikuwa nimefanya mazoezi. Lakini aliomba kirefu, nami nimefumba macho, mawazo yakateremka mpaka getini kwenye benchi, na sijui saa ngapi mikono yangu ilifunguka. Aliposema "Amina," nikasema Amina, nikajipangusa uso kwa viganja viwili, kutoka juu mpaka kidevuni, vizuri kabisa, kama nilivyofundishwa na mama nikiwa na miaka minne.

Kufungua macho, Sista ananiangalia. Binti ananiangalia. Nadhani hata Yosefu alisimamisha msumeno.

Tukakaa. Akachukua ile fomu niliyojaza. Akauliza kwa upole, "Kwenu kuna Waislamu?"

Swali lenyewe halikuwa na meno. Leo najua. Mtu angeweza kujibu ndiyo, Sista, mama yangu, yuko nje, na habari ikaisha. Lakini nilisikia foleni yote ile nyuma ya mlango. Nikasikia uwanja wa mabruda.

"Walikuwepo, Sista," nikasema. "Mama yangu. Ameshatutoka."

"Oo. Pole sana, baba. Lini?"

Hata hapo nilikuwa na nafasi. Badala yake nikaanza kutafuta mwezi. "Mwaka juzi," nikasema. "Sukari."

Akaweka kalamu chini. Uso wake ulibadilika, ulikuwa na huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Akasema, "Tumuombee." Akasimama tena.

Basi tulisimama watu watatu tukamwombea mama yangu raha ya milele, na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani. Mikono yangu niliifunga kwa nguvu mbele ya tumbo isije ikafanya tena mambo yake. Nilisema Amina. Nikasikia sauti mbili tu, yangu na ya Sista. Binti hakusema.

Sista naye alisikia. Akamgeukia, akamuuliza, "Ulimpenda sana bibi yako?"

Mtoto alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikaanza kufungua mdomo nimjibie, ndipo akasema, polepole, kwa Kiingereza chake kizuri ambacho mimi sijawahi kukifikia, "Jaja yuko getini, Sista. Ameleta chapati."

Nimewahi kuangukiwa na mlango wa chuma mguuni. Ningechagua ule mlango.

Sista hakupaza sauti. Hakuniangalia hata kwa hasira. Alisema, "Nenda ukamlete."

Nikatembea mpaka getini na koti la watu. Foleni inanipisha, yule mnene ananipungia mkono. Mama alikuwa anamsimulia askari habari za kambi yetu ya zamani, wanacheka. Akaniona.

"Wamemchukua?"

"Sista anataka kukuona, mama."

"Mimi? Na viti ni vichache?"

 Nikachukua ule mfuko wa chapati, nikamshika mkono, tukaenda kwa mwendo wa magoti yake.

Alipoingia Sista aliinuka, akazunguka meza, akamshika mikono yote miwili, wakasalimiana kwa kile Kiganda kirefu cha watu wazima, umelalaje, na wa nyumbani, na mvua. Akamkalisha kwenye kiti cha nne. Halafu akasema, "Tumetoka kukuombea sasa hivi, jaja."

Mama akafurahi sana. "Asante, mwanangu. Nahitaji maombi. Magoti haya yataniua."

Nikaangalia picha ya Yosefu. Binti akaangalia dirisha. Sista akaniangalia mimi, mara moja tu, na nikaelewa kwamba hatasema, na kwamba kutosema kwake si zawadi, ni mzigo ameniwekea nibebe mwenyewe.

Akarudi kwenye fomu. "Hapa kwenye kazi ya baba umeandika injinia."

"Ndiyo, Sista. Injinia wa..." 

"Anatengeneza masanduku, Katwe," mama akasema kwa fahari. "Mazuri, hayaingii maji. Mimi nguo zangu zote ziko humo."

"Mabweni yetu yamejaa masanduku ya Katwe," Sista akasema. "Ulifikiri tunadhani yanaota shambani?" Akamgeukia mtoto, akamuuliza nani alimfundisha kuamka mapema, kitabu gani anapenda, akikua anataka kuwa nini. Mimi sikuulizwa kitu kingine. Mwisho mama alifungua mfuko akampa chapati mbili zimefungwa kwenye kitambaa. Sista akazipokea kwa mikono miwili.

Kushuka kilima mama aliongea njia nzima. Binti hakusema neno, siku hiyo wala kesho yake.

Ijumaa majina yakabandikwa getini. Jina lake lilikuwepo, la tisa kutoka juu. Niliruka, nikamkumbatia askari. Binti alisoma jina lake mara mbili, akaniambia, "Baba, siendi mpaka umwambie Jaja ulichosema."

"Mwanangu, yule mzee, kwa nini tumuumize? Yeye anajua tu aliombewa."

"Basi nitabaki naye."

Nilimwambia nafasi hiyo watoto wengine wanaililia. Nikamfanyia mzaha. Nikamwita mwanasheria. Hakucheka, na mtoto huyu huwa anacheka mizaha yangu yote, hata ile mibovu. Kulikuwa kumebaki siku kumi za kuripoti. Nikaanza kumtengenezea sanduku, bati zito, kona nimezipiga ribiti mbili mbili, na kila siku nikisema nitamwambia mama jioni, na jioni ikifika nakumbuka bawaba inahitaji mafuta. Sanduku lile lilipata bawaba laini kuliko za benki. Zikabaki siku tatu. Nikaangalia kwenye begi la mtoto, sare hajajaribu, imekaa kwenye karatasi yake vile vile.

Nikamkuta mama uani anachambua mchele kwenye ungo. Nikakaa kwenye kigoda. Nikamwambia yote, kuanzia mikono yangu ilivyofunguka mpaka raha ya milele. Nilijaribu kuweka mzaha katikati, mzaha ukafia kinywani.

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa. Akatoa lingine.

"Mara ya kwanza ulinifanya yaya," akasema. "Sasa umenifanya maiti. Hebu niambie, hapo nimepanda cheo au nimeshuka?"

Miaka ishirini na kitu. Alisikia siku ile, uwanjani. Nilikuwa nimekimbia kumwendea, lakini sauti yangu ilikuwa imetangulia. Nimeshakuambia, sisi wa kambi hatujui kunong'ona. Alichukua kikapu kitupu akaenda zake, akaja siku nyingine zote na hakusema. Na mimi nilipoacha shule, akaniuliza sababu, nikamwambia hesabu, akasema basi, hesabu ni ngumu.

Nilitaka kuomba msamaha nikakuta sina hata neno moja ambalo sijalitumia kuchekesha watu. Nikashika mguu wake, pale kwenye goti.

Akauliza, "Yule Sista aliniombea nini hasa?"

"Upumzike kwa amani."

"Hilo mbona sijalipata." Akapeperusha ungo. "Mwite mtoto aje ajaribu sare. Ikiwa ndefu nipunguze leo, kesho macho yatakuwa yamechoka."

Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote. Lakini mchele ule aliuchambua tena kutoka mwanzo, na ulikuwa umeshakuwa safi.

Kesho yake nilibeba sanduku kwenda kwa Mkenya aandike jina, na koti lake mkononi, nimelikunja vizuri ndani ya nailoni yake. Kwenye fomu za shule nilikuwa nimeandika majina mawili ya mtoto, la ubatizo na la baba yangu. Binti alikuwa amenipa karatasi yenye majina matatu. Lile la katikati ni la mama yangu. Rafiki yangu akachora mistari kwa chaki, akaanza kuandika, na mimi nikamsimulia, kwa sababu mtu akiandika jina lako anakuwa kama daktari, unamwambia tu. Hakunikatiza. Huyu mtu ananitania hata nikipiga chafya, lakini siku hiyo aliandika herufi zote za jina la mama bila kuinua kichwa, akafuta brashi, ndipo akaniangalia.

Nikamnyooshea koti.

Hakulipokea. Akasema, "Kalifue kwanza, fundi. Mimi mama yangu bado mzima, na Jumamosi nalivaa kwenda Busia kumwona."